Huzuni Isiyojulikana Asili Yake, na Kuacha Dawa



Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 wa Hijra, yaani 934, aliandika kitabu juu ya afya ya miili na nafsi. Humo aliigawa huzuni mafungu mawili: ile ambayo mwenyewe aijua asili yake, kama kufiwa au kupotelewa na mali, na ile imjiayo mtu asijue imetoka wapi. Hii ya pili aliihesabu kuwa imetokana na mwili, itibiwe kwa tiba ya mwili. Basi wamwambiao mgonjwa kuwa imani yake imepunguka wako nyuma ya mwanachuoni huyo kwa miaka zaidi ya elfu.

Damu ikipungua chuma, au mwili ukikosa vitamini B12 ipatikanayo katika nyama, samaki, mayai na maziwa, mtu huchoka na moyo huinama. Kadhalika tezi ya shingoni. Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, wataalamu wa miaka ya 1960 na 1970 walikuta watu wengi wenye rovu: iodini ilikuwa haba, na muhogo usiolowekwa vema uliizuia hata hiyo kidogo. Tezi ikilegea, mtu huwa mzito, husikia baridi, husahau, na huzuni humwingia. Huyo apimwe damu kwanza. Vidonge vya huzuni pekee havimtoshi.

Talbina, uji wa shayiri aliousifu Bibi Aisha kwa wafiwa, ni chakula chema kwa aliyepoteza hamu ya kula. Lakini bakuli lake halimruhusu mtu kutupa vidonge.

Na hapa ndipo penye hatari. Ubongo huzoea dawa hizi. Mtu akiziacha ghafula, baada ya siku chache aweza kupatwa na kizunguzungu, kichefuchefu, hasira, kukosa usingizi, hata mishtuko kama ya umeme kichwani. Naye hudhani maradhi yamerudi, au amekuwa mtumwa wa dawa. Wala si hivyo. Maradhi yarudipo, aghalabu huja polepole, kwa majuma au miezi. Fluoksetini hutoka mwilini taratibu, paroksetini upesi, kwa hiyo kuiacha hii ya pili huwa kuzito zaidi. Dawa hupunguzwa kidogo kidogo chini ya uangalizi wa daktari, pengine kwa miezi. Na hatua za mwisho ziwe ndogo kuliko zote, kwani nusu ya kidonge iliyosalia ina nguvu kubwa kuliko idhaniwavyo. Mwenye kuwaza kujiua apelekwe hospitali siku ile ile, asiachwe peke yake.

Wengi huacha dawa Ramadhani iingiapo. Kidonge kinywewacho mara moja kwa siku aghalabu chaweza kuhamishiwa futari au daku. Daktari aulizwe tangu Shaaban. Na ambaye dawa yake haihamishiki, ruhusa ya mgonjwa imo katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185.