Ekipe tano, klabu moja
Maneno yaliyosomwa kwa mkutano wa mwisho wa msimu, Baraka, 2011



Msimu wa mpira umekwisha. Kila tukipita sokoni tunaulizwa neno moja tu: "Ekipe kubwa ilimaliza namba ngapi?" Ilimaliza katikati. Ilipigwa mechi tatu za mwanzo, halafu ikasimama. Basi, hiyo ni ekipe moja. Zinabaki nne, na habari yao pia ni yenu.

Tuanze na watoto. Wengi walizaliwa Nyarugusu ao Lugufu. Tangu meli za kwanza za kurudisha watu zilipotoka Kigoma mwezi wa kumi 2005, mpaka kambi ya Lugufu ilipofungwa 2009, walikuwa wanashuka hapa kwa nchi waliyoisikia tu kinywani mwa wazazi. Wakisema "shule", wenzao wanaosema "masomo" waliwacheka na kuwaita Watanzania. Msimu huu waliorudi na waliobaki wamevaa jezi moja. Ugomvi wao sasa ni nani atakaa golini, sababu kila mmoja anataka kuruka kwa matako kama Kidiaba wa Mazembe.

Wasichana walianza saba tu. Wamama wamoja walituambia wazi: binti akienda mpira, nani atachota maji, nani atauza ndagala? Hawakukosea. Tukakaa nao, tukasogeza saa ya mazoezi mpaka kazi ya nyumba iishe. Leo wasichana wanatosha ekipe nzima, na wa akiba wako. Walipigwa mara nyingi kuliko walivyoshinda. Hatuwafichi hilo.

Vijana ndio wanatuumiza roho. Walicheza vizuri, lakini wachezaji wanne waliondoka katikati ya msimu kwenda kuchimba dhahabu Misisi. Mpira haulipi minervali na hauleti unga nyumbani. Wawili wamerudi, wawili bado.

Na wazee, msiwacheke kwa vitambi vyao. Ndani ya ekipe hiyo wako wababa wawili wanaogombea shamba moja: mmoja alikimbia 1996, mwingine alilima pale miaka yote ile. Mpira haukumpa mtu shamba. Lakini watu hawa walikuwa hawasalimiani. Juzi walienda kwa chifu kusikilizwa, na walipanda pikipiki moja. Kesi inaendelea, tunaomba iishe kwa amani.

Sasa tuseme lile lililotukutanisha. Desemba 2010, TP Mazembe ilifika fainali ya kombe la dunia la klabu kule Abu Dhabi. Iliipiga Internacional ya Brazil 2-0, halafu Inter ya Italia ikaipiga 3-0. Hakuna klabu ya Afrika iliyokuwa imefika pale mbele yake. Sisi wote tulifurahi. Lakini tangu siku hiyo wanachama wengine wanasema: tufunge ekipe ndogo, feza yote iende kwa wakubwa, nasi tutapanda.

Wapendwa, Mazembe iko na tajiri wake. Sisi tuko na mchango wa kila mwezi, unaotoka kwa mihogo na samaki. Mama anayetoa mchango huo hana mtoto kwa ekipe kubwa. Binti yake anacheza na wasichana, mume wake na wazee. Tukifunga ekipe nne, tutamwambia nini tukienda kuomba tena? Na wale watoto, tutawaambia warudi kuitana Watanzania?

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. La kwanza: mipira igawanywe kwa ekipe zote tano, na watoto wapate kwanza, maana hao wangali wanachezea mpira wa mifuko na kamba. Wafadhili wanaouliza msaada wao ufanye nini, waanzie hapo. La pili: kiwanja kinajaa maji kila mvua ikinyesha. Jangazi lingali linatupa nafasi ya kuchimba mfereji. Salongo itakuwa siku ya posho asubuhi. Kila ekipe ilete majembe yake, na wakubwa wafike wa kwanza.