Mtoto wa miaka 4 naye ahesabiwe
Maneno tuliyosema kwenye mkutano wa wanachama wa Masisi na Walikale



Tangu kambi za kando ya Goma zilipofungwa mwezi wa 2 mwaka 2025, wengi wetu tulirudi tukakuta nyumba hazina mabati na mashamba yamekuwa pori. Tulianza na mbegu na mabati, na ilikuwa haki. Leo tunasema juu ya watoto wa miaka 3 mpaka 5. Mama akienda shamba, mdogo anabaki na dada yake wa miaka 8, na yule dada anakosa masomo. Njo maana darasa la wadogo linasaidia watoto wawili mara moja.

Mnatuuliza: "Si serikali ilisema masomo ni bure?" Ndiyo. Tangu mwezi wa 9 mwaka 2019, shule za primeri za serikali ni bure. Lakini hiyo bure inaanzia mwaka wa kwanza wa primeri. Matenele haimo. Kule mzazi njo analipa.

Tuangalie majirani. Tanzania, tangu 2016, darasa la awali liko ndani ya elimu bila ada, na linawekwa kwenye shule ya msingi yenyewe. Kenya, katiba ya 2010 ilipa kaunti kazi ya shule za wadogo, kwa hiyo mzazi anajua mlango wa kugonga. Uganda, serikali inaweka kanuni, lakini kuanzisha hizo shule imewaachia watu binafsi. Asiye na feza anabaki nje, sawa na kwetu.

Mwaka 2019 UNICEF ilionyesha kwamba nchi maskini, kwa wastani, zinatoa 2% tu ya bajeti ya masomo kwa ajili ya wadogo. Mwaka 2022, kule Tashkent, nchi nyingi zilikubaliana lengo liwe 10% angalau. Maana yake, kwa kila franka 100 za masomo, 10 ziende kwa wadogo.

Lakini tusidanganywe na asilimia peke yake. Asilimia 10 ya mfuko mdogo ni kidogo. Tena bajeti iliyopigiwa kura si feza iliyotoka. Na ile franka ya mzazi, na kazi ya mwalimu asiyelipwa, haviandikwi kwenye hesabu ya serikali. Kwa hiyo tuulize swali moja kila mahali: mwalimu wa wadogo, nani anamulipa mwisho wa mwezi?

Kwetu jibu ni mzazi, ama hakuna mtu. Walikale ina zaidi ya kilometa mraba 23,000. Hakuna chama kinachoweza kuifikia yote kwa michango.

Tunaomba mambo matatu. Wanachama, tutenge sehemu ya mchango kwa walimu wa wadogo mpaka mwisho wa mwaka wa masomo. Wafadhili, msijenge darasa bila kuuliza habari ya mshahara: mabati hayafundishi. Na sisi wote tuandikie ofisi ya masomo ya teritwari, tukitaja kila darasa na kila mwalimu, ili waingizwe kwenye orodha ya wanaolipwa. Asiyeandikwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa halipwi.