Mtoto Asiyetulia Darasani

Fuateni maneno haya kwa kidole huku mkinisikiliza.

Wewe uliye Kisaki unaijua honi ya gari-moshi la TAZARA. Likilia, watoto wote darasani hulisikia. Wengi huinua vichwa, kisha hurudia hesabu zao. Mmoja amekwisha fika dirishani. Mwalimu anamwita, anarudi, mara anachukua kalamu ya mwenzake. Jioni daftari lake lina mistari miwili tu. Watu husema, “Huyu mtukutu. Dawa yake fimbo.”

Je, ni kweli? Mwaka 1902 daktari George Still wa London alieleza habari za watoto wenye akili nzuri walioshindwa kujizuia. Leo hali ya namna hii madaktari huiita kwa herufi nne: ADHD. Inatokana na jinsi ubongo unavyokua, na mara nyingi hurithiwa katika ukoo. Si uchawi, wala si malezi mabaya.

Lakini si kila mtundu ana hali hii. Daktari hutazama dalili zilizoanza kabla ya miaka 12, zilizodumu miezi 6 au zaidi, na zinazoonekana nyumbani na shuleni pia. Wako pia wasiorukaruka, hasa wasichana. Hukaa kimya, mawazo yako mbali. Hao husahauliwa.

Fimbo humtisha mtoto, haimfundishi kutulia. Basi yafaa nini? Mwalimu amketishe mbele, mbali na dirisha. Ampe agizo moja moja. Kazi ndefu aigawe vipande vipande. Amtume kufuta ubao, apate kunyoosha viungo. Akifanya vema, amsifu papo hapo.

Nawe mzazi, nenda ukashauriane na mwalimu. Kisha mpeleke mtoto kituo cha afya, apimwe macho na masikio kwanza. Dawa za hali hii zipo, lakini mwenye kuamua ni daktari.

Labda hata wewe unayesoma hapa uliacha shule kwa kuitwa mvivu. Wengi hubaki na hali hii mpaka ukubwani. Hukuwa mjinga. Tazama, leo umesoma ukurasa mzima. Mwanao asingoje kuota mvi ndipo apate nafasi hiyo.

MASWALI
1. Kwa nini fimbo haifai?
2. Taja mambo mawili ambayo mwalimu aweza kufanya.
3. Je, unamjua mtoto wa namna hii? Andika sentensi moja juu yake.