Mgeni Aje, Lakini Aache Ujuzi



Waingereza walipoondoka mwaka 1961, Tanganyika ilikuwa na wahandisi 2 tu waliosomea kazi hiyo. Hatukuona haya kuomba wataalamu wa nje, wala leo hatusemi mlango ufungwe. Anayejua kuchimba handaki la reli, aje. Tunalouliza ni hili: akiondoka, nani atashika kazi yake?

Sheria ya mwaka 2015 ya kuajiri wasio raia imekwisha kujibu. Kibali cha kazi ni cha miezi 24; chaweza kuongezwa, lakini muda wake wote una kikomo. Na mwajiri anayeleta mgeni lazima aandike mpango wa kumrithisha mwananchi kazi ile. Maneno mazuri! Lakini karatasi hairithi kazi. Anayerithi ni mtu.

Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wa miaka 3 wa kuwafunza kazi vijana waliohitimu. Tunawajua vijana waliokaa kazini muda kama huo wakihesabu mifuko ya saruji, huku michoro imefungiwa katika chumba cha mgeni. (Tuseme kweli: wako pia wanaokataa kwenda porini, wakitaka meza ya mjini.)

Basi twaomba, kibali kinapotaka kuongezwa, Kamishna wa Kazi aulize kwanza: mwananchi anayefundishwa yuko wapi, na amekwisha kufanya nini kwa mkono wake? Asipoonyeshwa, kibali kisiongezwe.