Juu ya Fedha za Askari



Tumeombwa kunena juu ya faida ya fedha aipatayo mtu kwa kuingia jeshini. Faida ipo, hatuikatai. Askari wa Keya katika vita ya 1939 hadi 1945 alipata mshahara, chakula, nguo na dawa, na alipofunguliwa akapewa kiinua mgongo. Lakini kiinua mgongo chenyewe kilipimwa kwa rangi. Kwa askari asiye na cheo, Mzungu alihesabiwa shilingi 10 kwa kila mwezi wa utumishi, Mwafrika shilingi 3 na senti 50. Risasi haikujua hesabu hiyo.

Linalotugusa sisi makarani ni la vita ya 1914 hadi 1918. Maelfu mengi ya wapagazi wa Kariakoo walikufa, na mishahara ya wengi haikuwafikia warithi. Sababu mojawapo ilikuwa daftari: jina liliandikwa kwa kusikia tu, na kijiji kikakosewa. Mjane alikuwa yupo, mwandiko haukumjua.

Nasi tumeona, hata ofisini mwetu, Hamisi mmoja ameandikwa kwa namna tatu katika faili moja, tukacheka.

Basi kijana wa nyumbani kwetu akitaka kuingia jeshini, tumwandikie sawasawa jina lake, la baba yake, la kijiji na la mrithi. Tumsomee hati polepole kabla hajatia sahihi, na nakala yake aipeleke kwa mama yake aiweke.