Gia za Kushuka

Juzi nilipanda basi dogo Lamadi, pale njia ya Bariadi inapoachana na barabara kuu ya Mwanza–Musoma. Jingine likatupita, liwahi abiria wa mbele. Dereva wetu akalifukuza.

Kwa gia alikuwa fundi. Ukiwahi kubadili, injini hukoroma. Ukichelewa, hupiga kelele bila kuongeza mwendo. Yeye alibadili pale nguvu ilipoanza kupungua, gia iliyofuata ikaipokea. Tukashangilia. Kumbe mbele ng'ombe wanavuka.

Tuliponea chupuchupu. Bibi mmoja akamwambia: “Mjukuu wangu, gia za kupanda umezijua. Za kushuka utafundishwa na nani?”

Swali hilo, abiria wenzangu, ni letu pia. Sisi ndio tulioshangilia.