Mwizi wa Dafu Mbele ya Kadhi



Msomi mmoja ninayemheshimu ameandika kwamba mwambao wa Tanga kabla ya Wajerumani haukuwa na sheria ya wizi wa shambani. Ushahidi wake ni fingo lililofukiwa minazini na Halbadiri iliyosomwa mavuno yakiibwa. Penye sheria, auliza, uganga wa nini?

Halbadiri husomewa mwizi asiyejulikana. Aliyekamatwa juu ya mnazi hasomewi kitu. Anashushwa, anapelekwa kwa jumbe au kadhi. Na huko Uingereza wenye mashamba walitega bunduki vichakani zimfyatukie mwizi usiku, mpaka Bunge lilipozipiga marufuku mwaka 1827. Mahakimu walikuwapo tele, wengi wao ndio hao hao wenye mashamba. Mbona hatusemi Waingereza hawakuwa na sheria?

Makadhi wetu walifuata madhehebu ya Shafi, na Minhaji, kitabu cha fikihi cha Imam Nawawi, hakikuwa mbali na mikono yao. Ila mimi nataka twende nyuma zaidi, kwenye hadithi iliyopokewa na Abu Daudi. Mnivumilie, naipenda mno. Mtume aliulizwa habari ya matunda yaliyo bado mtini. Mwenye shida akila papo hapo, asitie kitu kwenye pindo la nguo, hana lawama. Akitoka nayo, hulipa maradufu na kuadhibiwa. Mkono huingia hatarini kukatwa pale tu tunda limekwisha anikwa uwanjani na thamani yake imefikia kiwango. Kuhusu hayo maradufu mafakihi wamevutana, nawaachia wenyewe. Kiini ni hifadhi: mti u wazi, uwanja una mlinzi. Weka nazi badala ya tende, na chanja ya mbata badala ya uwanja, umefika Pangani.

Babu yangu hakusoma Minhaji. Akikuta dafu moja limekatwa na kuachwa chini ya mnazi, alipita kimya. Akikuta kole zima limeangushwa na chini hapana kitu, alifuata nyayo mpaka kijijini.

Mpango huo wa kumtenga mla papo hapo na mwenye kuondoka nayo ulivunjwa na shamba kubwa. Katika miwa ya bonde la Pangani, mtumwa alitafuna muwa wa nani, wa bwana au wa jasho lake? Mwaka 1873 watumwa walitoroka mashamba hayo wakajijengea boma Kikogwe. Kwa hesabu ya mabwana, walikuwa wamejiiba wenyewe. Wajerumani nao wakaja, na agizo lao la mwaka 1896 likaweka kikomo cha viboko 25 kwa mkupuo. Humo sioni pindo la nguo wala chanja.

Mwenzangu atajibu kwamba kadhi naye alikula kwa wenye mashamba, na mtumwa hakupata haki kwake. Mara nyingi ndivyo. Lakini hiyo ni sheria iliyopindishwa, na haipindishwi isiyokuwapo. Hapo sirudi nyuma.